Sungusungu wa Shingoni mwa Madamu

Ukitaka kujua alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, muulize mwingine. Mimi nilimjua akiwa mtu mzima tayari, mwalimu wa Baiolojia, jirani yangu pale mtaa wa Mwisenge, Musoma, ukuta kwa ukuta. Wanafunzi walimwita Madamu. Nasi majirani tukamwita hivyo hivyo, hata mumewe, ambaye alikuwa fundi cherehani na angeweza kumwita jina lolote alilotaka.

Kitu cha kwanza kwa Madamu ni sauti. Shule aliyofundisha haikuwa jirani sana na nyumba zetu, lakini upepo ukivuma kuja huku, mimi nikiwa uani naanika dagaa nilikuwa nasikia somo lote. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, lakini kwamba moyo una vyumba vinne najua, na safura inavyoingilia kwenye nyayo najua, yote kwa sauti ya Madamu iliyopita juu ya dagaa wangu. Mpishi wa shule, huko jikoni nyuma kabisa, alikuwa anajibu maswali kabla ya wanafunzi. Na si kwamba Madamu alikuwa mkali. Alikuwa tu hajui kusema kidogo. Akikunong'oneza siri, mtaa wa pili wa Kamunyonge wameshaijua.

Cha pili ni joto. Asubuhi za mwezi wa sita, sisi tunatoka tumejitanda kanga mbili mbili, Madamu yuko kibarazani na gauni jepesi anajipepea kwa daftari la mwanafunzi. "Mama Neema, hivi leo mbona jua limekuwa kali?" ananiuliza. Jua lenyewe halijachomoza. Alioga mara nyingi mpaka Fundi akasema sabuni ya kaya nzima inaishia kwenye mgongo wa mtu mmoja. Na sabuni wakati ule, we acha tu. Wengine tulikuwa tunafulia majani ya mpapai.

Na kula. Ile ilikuwa miaka ya unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada ambayo ugali wake ulikuwa na harufu ya gunia. Kila mtu aliulalamikia. Madamu alikula wake, akamaliza wa Fundi, kisha akapita kwangu kuuliza kama tumeshaonja. Furu, wale samaki wetu wadogo, walikuwa wanaadimika ziwani kwa sababu ya sangara, basi nikibahatisha kafungu namwekea, maana sangara alimkataa kabisa. Alisema samaki mkubwa namna ile lazima amekula mtu. Kesho yake unamkuta kando ya barabara anamla huyo huyo sangara, wa kukaanga, kwa mikono miwili. Alikula hivyo na mwili hauonekani. Watu wakasema Fundi anamnyima chakula. Fundi aliumia sana kwa maneno hayo, maskini, kwa sababu aliyekuwa analala na njaa ni yeye.

Mikono yake ilitetemeka. Akichora ubaoni, mistari inakwenda mawimbi. Ameba ikatoka nzuri kuliko ya kitabuni, lakini mfupa wa paja nao ukatoka mawimbi, na wanafunzi, ambao vitabu hawakuwa navyo, wakanakili kama walivyoona. Akaja mkaguzi kupitia madaftari, akakuta darasa zima limechora binadamu mwenye mifupa ya mawimbi. Akauliza ni ugonjwa gani huo. Madamu akamjibu, "Huo ni wangu mimi, mfupa hauna neno."

Macho nayo yalikuwa yamemtoka. Sisemi kwa kumcheka. Wa kwanza kujicheka alikuwa mwenyewe. Alisema Mungu amempa macho ya kusimamia mtihani. Lakini huku kwetu mwanamke mwenye macho ya namna ile anaweza kusemwa vibaya, tena maneno yanayoua, na walikuwepo walioanza kuyasema. Yakamfikia. Siku moja kwenye foleni ya maji akaweka ndoo chini, akafungua kola ya gauni, akasema kwa ile sauti yake, "Haya, njooni. Mchawi mwenyewe anakaa hapa. Anaitwa tezi. Mguseni, mguseni." Basi foleni nzima ikamgusa shingo, mmoja mmoja, na kila aliyegusa alisikia jinsi lile vimbe linavyodunda. Wengine wakarudia mara ya pili. Baada ya hapo maneno yale sikuyasikia tena pale Mwisenge, na Madamu akachukua maji mbele ya wote kwa sababu, alisema, mgonjwa hapangi foleni.

Mtu jasiri hivyo, lakini sindano alikuwa anaiogopa kuliko mamba. Mwalimu wa Baiolojia, anayepasua chura mbele ya watoto huku anatabasamu, akiona sindano anamshika Fundi mkono na kufumba macho. Nilimuuliza. Akasema chura anamjua kwa ndani, nesi hamjui.

Kabla ya kwenda Mwanza kupimwa vizuri, sote tulikuwa tumeshamtibu. Kila mtu wa mkoa wetu wa Mara anajua mtu akivimba shingo ni rovu, na rovu ni kukosa madini joto, na madini joto yanapatikana kwenye chumvi. Basi kila aliyekuja kumpa pole alikuja na chumvi. Sasa fikiria, chumvi yenyewe nchi nzima inalia, dukani hakuna, na watu wanajinyima wanamletea Madamu. Akawa na chumvi chini ya kitanda, chumvi kabatini, chumvi kwenye mtungi. Alirudi kutoka Mwanza akiwa ameambiwa na daktari kwamba ugonjwa wake hauna uhusiano na kukosa chumvi, lakini angewaambiaje watu waliojinyima? Akaigawa kimya kimya kwa akina mama wa samaki. Mimi nilikausha samaki mwezi mzima kwa chumvi ya tezi ya Madamu.

Daktari wa Mwanza alimweleza kwa kirefu, na Madamu alirudi akatueleza kibarazani, mimi na Fundi. Alisema tezi yake haina kosa. Walinzi wa mwili wake mwenyewe ndio wameigeukia. Kwa watu wengine wanaibomoa ikafa. Kwake hawakuibomoa, wameisimamia kichwani wanailazimisha ifanye kazi mchana na usiku, ndiyo maana moyo unakimbia na chakula hakikai.

"Kumbe tezi yako imekamatwa na nguvu kazi," Fundi akasema. Wakati ule ndio watu walikuwa wanakamatwa mitaani, asiye na kitambulisho cha kazi anapelekwa kulima. Madamu alicheka mpaka akakohoa, na tangu siku ile akiulizwa hali anajibu, "Bado iko shambani."

Lakini ni jambo la shati lililomfanya aelewe ugonjwa wake vizuri, na ndilo lililonifanya mimi niuelewe. Lilitokea hivi.

Duka la ushirika lilikuwa tupu miezi na miezi. Kisha siku moja likaletewa vitambaa, majora kadhaa, yote ya aina moja: drafti za kijani. Hakuna aliyeuliza rangi nyingine. Tulipanga foleni, tukanunua, na kwa kuwa fundi wa mtaa ni mmoja, sote tukampelekea Fundi. Akashona mpaka cherehani ikapata moto. Ndani ya muda mfupi Mwisenge nzima, na nusu ya Kamunyonge, wanaume wamevaa shati moja. Hata wazee wa baraza. Hata kijana wa kwangu.

Kumbuka pia hiyo ndiyo miaka ya sungusungu, walinzi wa jadi, ambao kila mwanamume mzima ni mmoja wao atake asitake. Yowe likipigwa, unatoka na fimbo unakimbilia linakotoka. Asiyetoka anapigwa faini ya kuku. Kamanda wao kwa upande wetu alikuwa mbanika samaki wa Kamunyonge, mtu mpole kweli, mwenye macho mekundu kwa moshi. Basi mwizi akaiba nyavu za mtu, akaruka seng'enge, kipande cha shati kikabaki kwenye waya. Waliofika kwanza wakakichukua kile kipande mbio mbio kwa wazee. Wazee wakakigeuza huku na huku wakatoa amri: kuanzia leo, atakayeonekana na shati hili anaruka mahali, akamatwe kwanza, mengine baadaye. Mzee aliyeisoma amri ile alikuwa amelivaa shati lenyewe ndani ya koti.

Haikupita wiki. Adhuhuri Madamu anarudi kutoka shuleni, anaona dirisha la jikoni kwake limetoka miguu ya mwanamume, na juu ya miguu mgongo wa drafti za kijani. Akapiga yowe. Wewe unaijua ile sauti nilivyoieleza. Sasa uifikirie imeogopa. Walikuja kutoka Mwisenge, wakaja kutoka Kamunyonge, wakaja wavuvi na makasia. Wakamvuta yule mtu kwa miguu, fimbo zikaanza. Alikuwa anasema kitu, lakini kichwa bado kiko jikoni, nani atamsikia. Mbaya zaidi, wengi wa waliokuja kusaidia walikuwa na shati hilo hilo, na waliofika nyuma yao walipowaona wamesongamana dirishani wakajua ni genge zima. Wakaanza kuwakamata wasaidizi. Msaidizi akijitetea, anaonekana mkorofi, anaongezwa. Mimi nilikuwa juu ya kinu nachungulia ukutani, na nakwambia hapakuwa na mtu aliyejua anampiga nani.

Kamanda alipofika alisimama akatazama, akatoa amri moja tu, kila mtu avue shati. Ua ukajaa vifua wazi. Ndipo tukaona aliyefungwa kamba pale chini ni Fundi, ambaye alisahau ufunguo na alikuwa anaingia kwake apike chai.

Madamu alimfungua mwenyewe, huku analia na kucheka kwa pamoja. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nisingeliweza. Akachemsha uji wa mtama sufuria kubwa, ule wa shule, akawapa wote, waliopigwa na waliopiga. Fundi alikuwa amevimba jicho, anamwuliza, "Na hawa pia unawapa?" Akasema, "Hawa pia. Mimi ndiye niliyewaita." Kamanda alikunywa bila kuinua uso. Alikuja kila asubuhi wiki ile kumletea Fundi samaki, anaweka mlangoni anaondoka bila hodi.

Nadhani ni wiki iliyofuata niliposikia lile somo, nikiwa kwenye dagaa wangu. Alikuwa anawaeleza kidato cha nne jinsi mwili unavyojilinda. Nitayaweka maneno yake kama ninavyoyakumbuka.

"Kuna chembe zinazofika kwanza," alisema. "Hizi umezaliwa nazo, hazikufundishwa na mtu. Yowe likipigwa zinatoka. Haziulizi. Na msizilaumu kwa kutouliza, maana zingeuliza, mwizi angekuwa ameshafika Majita. Nyingine zinammeza mwizi palepale. Nyingine zinakata kipande cha shati lake na kukipeleka kwa wazee. Wazee ni chembe za namna ya pili. Wao wanakwenda polepole, wanatazama kipande, wanatoa amri, na wakishatoa hawasahau tena. Sasa, ugonjwa kama wangu. Watu wanasemaga wazee wamekosea. Ni kweli wamekosea. Lakini nani kawaletea shati?"

Hata mpishi hakujibu.

"Waliofika kwanza," akajijibu. "Yowe lilipigwa shingoni kwangu, mimi sijui kwa nini, na daktari naye hajui. Pengine mwizi alikuwepo kweli akakimbia. Wao wakamkuta mwenye nyumba, wakakata shati lake."

Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini basi hawaachi, wakishaona ni mwenye nyumba. Madamu akasema, "Mwenye nyumba akipigwa anafanya nini? Analia. Na kilio chake ni yowe. Yowe linaleta wengine." Kisha kengele ikagongwa.

Jioni nilimwendea kibarazani, nikamwambia kumbe wahenga walisema kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Nilidhani atafurahi. Akakunja uso. "Hapana, Mama Neema. Wahenga walisema chawa. Chawa ni mgeni, unamponda unalala. Hawa ni wangu. Mwaka jana nilipolala na malaria ile mbaya, nani alinitoa? Mwezi uliopita nimekanyaga msumari, nani aliufunga mguu? Hao hao. Siwezi kuwafukuza. Ninachotaka ni mtu awaambie kwamba hapa ni kwangu." Nilimpenda sana kwa maneno yale, na niliogopa pia, kwa sababu wakati anasema mshipa wa shingo ulikuwa unaruka kama kifaranga kwenye kikapu.

Sasa nieleze lililokuwa linatusumbua sote, maana huwezi kumchora Madamu ukaacha hili. Daktari alimwambia vidonge vinaweza kuituliza tezi, lakini kwa ukubwa ule, mwisho wake ni kuikata. Na alimwambia ukweli mwingine: mshipa wa sauti unapita nyuma ya tezi hiyo hiyo. Mkono wa mpasuaji ukiteleza kidogo, au mshipa ukiwa umeshikamana na vimbe, sauti inaweza isirudi.

Madamu alisema hapana. Alisema atakufa na sauti yake.

Miaka ikaenda hivyo. Vidonge vilikuwa vinatoka Kenya, vinavuka mpaka wa Sirari ndani ya mizigo ya watu pamoja na dawa ya meno na mafuta ya kupikia. Kisha serikali ikaanza kuwakamata wahujumu uchumi, yaani yeyote aliyekutwa na bidhaa za magendo. Watu wakatupa sabuni ziwani kwa kuogopa kukutwa nazo, na vidonge vya Madamu vikakatika. Ule ndio wakati nilimwona amekwisha. Moyo ulimpiga mpaka unaona gauni linatikisika. Alianguka darasani, akaamka, akamalizia sentensi yake. Sauti ile ile ilikuja na upepo, lakini sasa ilikuwa inasimama katikati kutafuta pumzi, na mimi uani nasimama nayo.

Baadaye mambo yakafunguliwa, ikawa ruksa. Maduka ya dawa ya watu binafsi yakatokea Musoma mjini, vidonge vikaonekana kabatini mchana kweupe. Mimi niliacha dagaa nikaingia kwenye mitumba, nikawa nafuata magulio mpaka Bunda. Madamu akameza dawa bila kukatika, tezi ikatulia kiasi, na daktari wa Mwanza akamwambia kwamba mwili umekuwa tayari kwa kisu, na akingoja zaidi moyo hautamngoja. Visingizio vyote vikaisha siku hiyo.

Nilikuwepo alipobishana na Fundi. Ilikuwa saa kumi alasiri, Fundi anakata suruali.

"Mimi nilioa mtu," Fundi alisema, "sikuoa sauti."

"Usiongope. Ulinisikia kabla hujaniona. Ulikuwa unapita nje ya dirisha la darasa na baiskeli."

"Nilikusikia, ndiyo. Kisha nikaingia kutazama ni nani." Aliweka mkasi chini. "Sasa unataka niingie nikute hakuna mtu?"

Madamu akachukua kipande cha kitambaa akajifuta uso, akaniuliza mimi, eti Mama Neema, mwalimu asiye na sauti anafundisha kwa kitu gani, kwa vidole? Nikamwambia tu kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Akasema, "Mimi sijaficha. Foleni nzima imenigusa." Tukacheka, lakini wiki ile ile alikata shauri akaenda.

Nilimwona mara ya mwisho na shingo yake nzima pale Bunda, stendi, basi la Mwanza limesimama kupakia. Nilikuwa na bunda langu la mashati kichwani. Alitoa kichwa dirishani akanifundisha, mbele ya abiria wote, jinsi ya kutambua chawa kwenye mitumba na jinsi ya kuichemsha. Kondakta alimwambia, basi mama, inatosha. Akaendelea. Basi likaondoka na bado namsikia mpaka linapinda. Nilikaa juu ya bunda langu nikalia, na mteja akanisubiri.

Habari zilinikuta Bunda, ambako nilikuwa nimehamia na mitumba yangu, kwa kondakta huyo huyo, kwa maneno ya Fundi: amerudi, mzima, ila hasemi. Hilo tu. Kisha nikasikia amehamishiwa shule moja huko Butiama na Fundi amemfuata na cherehani. Nami nikawa kila siku nasema nitakwenda, na kila siku nasingizia gulio. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilikuwa siwezi kumfikiria Madamu kimya. Ilikuwa afadhali nimfikirie amesafiri.

Mwishowe nilikwenda. Nilimkuta Fundi kibarazani anapunguza suruali za mitumba, maana siku hizi hakuna anayeshonesha nguo mpya. "Wewe ndiye uliyeniua," akaniambia, "karibu." Akaita kuelekea ndani. Hakuna aliyeitika.

Alitoka. Amenenepa, jamani. Amevaa sweta. Macho yamerudi ndani karibu yote, na shingoni ana mstari mwembamba, umekaa kama mkufu. Nilianza kuongea mimi, nikaongea na kuongea: habari za Neema, habari za gulio, bei ya mabunda, Kamanda amejenga, ilimradi pasipatikane nafasi ya yeye kujaribu na kushindwa. Alinitazama mpaka nikaishiwa.

"Umemaliza?" akasema.

Ilikuwa ni sauti ndogo, nzito, yenye mikwaruzo, nusu yake upepo. Usingeisikia ukiwa upande wa pili wa kibaraza. Nilimshika mikono, haitetemeki, nikalia mbele ya Fundi bila aibu.

"Unalia nini? Nimekufa?"

"Sauti yako, Madamu."

"Hii ndiyo iliyorudi." Alikohoa kidogo. "Kwa muda mrefu haikuja kabisa. Nikawa naandika ubaoni. Kisha ikaja hii. Daktari anasema haitaongezeka."

Nikamuuliza kama ana uchungu. Akasema ana uchungu, kwa nini asiwe nao. Alilia siku nyingi, na kulia bila sauti ni kazi. Anakunywa kidonge kila asubuhi kwa ajili ya kazi ambayo tezi haifanyi tena, atakunywa mpaka afe, basi. Akaniuliza kama nimechemsha yale mashati. Nikamwambia ndiyo. Hakuniamini.

Nilitaka kumuuliza habari za darasa, nikashindwa. Yeye ndiye aliyesema, wakati tunachambua mchicha, kwamba siku ya kwanza aliyorudi kufundisha kwa mdomo walionyoosha mikono walikuwa wa nyuma. Hawasikii. Mkuu wa shule alikuwa ameshamwandalia kazi ya stoo, kutunza majembe na vifaa vya maabara, kwa nia njema kabisa, na alikuwa amesimama pale mlangoni anangoja.

"Ukafanyaje?"

"Kesho ukiwa na nafasi upite shuleni," akasema, akaendelea na mchicha.

Asubuhi kabla ya basi nikapita. Nilitembea kando ya madarasa natega sikio kama nilivyozoea, nikasikia walimu wengine wote, yeye sikumsikia. Darasa la mwisho lilikuwa kimya kabisa, nikadhani halina watu. Nikachungulia mlangoni. Nusu ya nyuma ilikuwa sakafu tupu, unaweza kucheza mpira. Madawati yote yamesukumwa mbele, yamebanana mpaka yanagusa ubao, wengine wamekaa watatu watatu, wengine chini miguuni kwake, na Madamu yuko katikati yao, ana chaki, anasema. Midomo yake niliiona. Watoto wote wamemwinamia, hakuna anayekohoa.

Pale mlangoni sikusikia neno hata moja. Nikaweka bunda langu chini, nikaingia, nikakaa nao.